Habari na Ushuhuda: Neno Juu ya Mahubiri ya Uamsho

Neno *hubiri* na neno *habari* ni ndugu wa tumbo moja, yote mawili yametoka katika Kiarabu. Basi mhubiri, kwa asili ya jina lake, ni mleta habari. *Shahidi* ni wa ukoo mwingine: ni mtu aliyekuwapo, akaona kwa macho yake. Lugha yetu imezidi kupambanua, ikaweka *ushahidi* kwa mambo ya barazani, na *ushuhuda* kwa mambo ya kanisani. Kazi hizi mbili zilikutana kwa nguvu nyingi katika Uamsho wa Afrika ya Mashariki, na walimu wapandao mimbarini hata leo wamerithi faida yake na hasara yake pia.

Wengi hudhani ya kuwa Uamsho ulianza kwa watu kusimulia maisha yao. Sivyo. Mwezi wa Septemba 1929 daktari Joe Church, aliyekuwa akitumika Gahini katika Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, kilimani Namirembe, nao wakayachunguza Maandiko pamoja katika habari za Roho Mtakatifu. Katika mkutano wa Kabale, mwaka 1935, mafundisho yalipangwa siku kwa siku: dhambi, kisha toba, kisha kuzaliwa mara ya pili, hata kufika kwa Roho Mtakatifu. Mwaka 1938 Church alitoa kitabu cha kumsaidia kila Mkristo kujifunza Biblia. Ushuhuda ulikuwa tunda. Mti ulikuwa Neno.

Lakini tunda lile lilistaajabisha. Kwa desturi zetu aibu ya mtu hufichwa nyumbani mwake, wala mzee haungami mbele ya vijana. Sasa watu walisimama hadharani wakataja wizi wao, wakarudisha mali za watu. Wazungu na Waafrika wakaombana radhi. Nani angesahau hotuba iliyofuatwa na mbuzi aliyerudishwa kwa mwenyewe?

Ugomvi nao haukukawia. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, William Nagenda akiwa miongoni mwao, baada ya kukatazwa kukutana alfajiri kuomba na kuhubiri. Tena ushuhuda wenyewe, kwa kurudiwarudiwa, ulipata kawaida yake kama ngano: nalikuwa mlevi, nalikuwa mwizi, siku fulani nikaokoka. Asiyekuwa mlevi wala mwizi akajiona hana la kusema.

Mimi mwenyewe nalimsikia mhubiri mmoja aliyesoma habari za mwana mpotevu, akafunga kitabu, akaanza habari zake. Akataja ulevi wake, akataja makosa ya mkewe, na wakwe zake wameketi mbele, wakainamisha vichwa. Saa nzima ikapita. Tulipotoka, bibi mmoja mzee asiyejua kusoma akaniuliza, “Mwalimu, na yule kijana wa kwenye kitabu, alifika kwa babaye au hakufika?” Nalimsimulia njiani yaliyobaki.

Tumtazame Paulo, maana yeye hutajwa sana na wapendao kusimulia. Ni kweli, habari za Dameski zimo mara tatu katika Matendo ya Mitume, na mara mbili ni kwa kinywa chake mwenyewe. Lakini angalieni ni wapi: penye ngazi za ngome huko Yerusalemu, makutano wakitaka auawe, na mbele ya mfalme Agripa, naye amefungwa minyororo. Pote pawili yu mshitakiwa ajibuye mashitaka, naye asema kama shahidi asemavyo. Huko Antiokia ya Pisidia, alipoombwa katika sinagogi awape watu neno la maonyo, alianza na Misri, akapita jangwani, akafika kwa Daudi, na kutoka kwa Daudi kwa Yesu. Akataja mashahidi wengine waliomwona Bwana baada ya kufufuka. Juu ya Dameski hakusema hata neno moja; na watu walipokuwa wakitoka wakamsihi awaambie maneno yayo hayo sabato ya pili.