Sakafu ya Bafu la Mama

Neno saruji limetoka Uajemi. Kabla halijawa jina la unga wa kijivu unaouzwa kwa mfuko, lilikuwa jina la lipu ya chokaa iliyochanganywa na majivu au udongo wa kuchoma, ambayo watu walisilibia mabirika na mabafu ili maji yasipenye. Waomani nao waliitumia katika mifereji yao ya kumwagilia mitende. Kwa hiyo asemaye kwamba saruji ni kitu cha Wazungu anatoa nusu tu ya habari. Ni kweli kwamba Joseph Aspdin, fundi wa Leeds, Uingereza, alipata hataza ya saruji yake ya Portland mwaka 1824. Lakini karne tano kabla yake mafundi wa Kilwa Kisiwani walikwisha kujenga Husuni Kubwa, pamoja na birika lake lenye pembe nane, kwa matumbawe na chokaa ya pwani ile ile. Hata sakafu ni neno lenye safari. Kwa Kiarabu asili yake ni dari au paa, na huenda lilishuka miguuni mwetu katika majumba ya ghorofa ya pwani, ambako dari ya wa chini ndiyo sakafu ya wa juu.

Sisi wa nyanda za juu hatukuwa na matumbawe. Tulikuwa na udongo, na juu ya udongo, mahali pa kuogea, mawe bapa matatu au manne yaliyozungushiwa ua wa mabua. Mama anasema ndivyo alivyooga tangu utoto wake hadi alipokwisha kuzaa watoto wanne. Mwaka 1973 ilipoendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa katika vikundi wakisikiliza redio na kujadili malaria, kichocho, minyoo na kuhara, kisha wakainuka kuchimba vyoo. Mama alikuwa katika kikundi kimojawapo. Choo kilichimbwa mwaka ule ule. Bafu lilisubiri miaka kumi, kwa kuwa shimo linataka jembe na nguvu tu, bali sakafu inataka saruji.

Na saruji haikuwapo. Kiwanda cha Wazo Hill kilifanya kazi tangu mwaka 1966, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 tukapata chetu kule Songwe, magharibi ya mji wa Mbeya. Lakini vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimeikausha nchi, mafuta yamepanda bei, fedha za kigeni hakuna, na kukaa jirani na kiwanda hakukukupa mfuko. Ulihitaji kibali. Mwaka 1983 ulikuwa pia mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na mtu aliyekutwa na mifuko asiyoweza kuieleza alikuwa na kazi ya kujieleza. Marehemu baba alipata kibali cha mfuko mmoja. Aliubeba kwa baiskeli, akautandikia gunia chini ya kitanda, na kwa muda wa juma zima, asema mama, hakuna aliyeruhusiwa kupita karibu na ndoo ya maji.

Mfuko ule ndio uliozaa sakafu niliyoivunja mimi, miaka arobaini baadaye.

Nilikuwa na sababu. Maji yalikuwa yamepata ufa karibu na ukuta, yakala udongo wa chini, na katikati pakatitia kama bakuli. Mama, aliyepita miaka themanini, aliteleza mara mbili. Mara ya pili aliumia kiwiko. Dada yangu wa Dar es Salaam alikata shauri: mama ahame, na nauli ya basi angeituma mwisho wa mwezi. Mama hakutaka. Kwake Dar ni mahali pa kwenda kuuguza mtu na kurudi. Ndipo nikaona kwamba jambo lote limesimama juu ya eneo la meta moja na nusu kwa meta moja na ushee, na kwamba nikingojea fundi mwenye kazi nyingi mjini, nauli itafika kabla yake.

Nilipoipiga kwa nyundo, sakafu ya baba ilikuwa nene kama vidole viwili tu, na nyepesi kwa namna ya ajabu. Nikachukua kipande, nikakitazama mwangani. Badala ya kokoto alitia mawe yale ya Uyole yenye vitundu, yanayoelea majini, ambayo wanawake husugulia visigino. Huku kwetu ukichimba kidogo tu unayakuta. Wataalamu wa miamba wanasema volkano ya Rungwe ilirusha mawe ya namna hiyo miaka ipatayo 4,000 iliyopita, na Ngozi nayo ikamwaga majivu yake baadaye sana. Warumi walifanya vivyo hivyo: walichanganya chokaa na majivu ya volkano ya Pozzuoli, ikagandia hata ndani ya maji, na kuba la Pantheon lililokamilika yapata mwaka 126 lina mawe mepesi sehemu za juu ili lisijielemee. Sidai kwamba baba alijua habari za Roma. Alikuwa na mfuko mmoja na kilima cha mawe nyuma ya nyumba. Kilichomshinda si mchanganyiko, ni udongo wa chini ambao haukushindiliwa.

Kwa hiyo nilianza na hapo. Nilichimba nusu futi, nikashindilia vipande vya sakafu yake mwenyewe vikawa msingi, nikatandika nailoni, kisha nikamwaga jamvi la inchi nne: saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mifuko miwili ilitosha kazi yote, na niliinunua dukani njia panda ya kwenda Tukuyu bila kuulizwa jina. Mteremko niliupa sentimeta mbili kwa kila meta kuelekea tundu la maji, na pembeni nikaipandisha saruji ukutani kwa mviringo, maana ufa wa zamani ulianzia kwenye kona.

Dukani walinishauri marumaru zinazong'aa. Mama alikataa.

"Baba, nataka ya kukwaruza," alisema. "Ya kung'aa mwekee mkeo."

Basi sikupiga niru. Saruji ilipoanza kukaza niliipitishia ufagio, ikabaki na mistari. Ilikuwa Julai, na Uyole mwezi huo ni baridi kweli. Saruji hukaza polepole, nayo haikazi kwa kukauka bali kwa kunywa maji. Nikaifunika magunia mabichi siku saba, mama akioga kwa jirani na kulalamika.

Siku ya nane alikuja na ndoo yake. Alisimama mlangoni, akamwaga maji yote kwa mkupuo, akayatazama yakijikusanya na kuingia tunduni mpaka tone la mwisho. Akaweka mguu mmoja, akausugua. Kisha akaniambia nimpigie dada yako simu, ile nauli asiitume.