Mwendo wa farasi katika mbio za masafa marefu

Mwendo wa farasi katika mbio za masafa marefu ni kadiri ya kasi anayoichagua mpandaji ili mnyama amalize safari, mara nyingi kilomita 40 hadi 160, akiwa mzima. Njia hukatwa vipande, na baada ya kila kipande daktari wa mifugo humpima farasi: mapigo ya moyo, fizi, ngozi, sauti za tumbo, na kama anachechemea. Kanuni za kimataifa kwa kawaida zinataka moyo ushuke hadi mapigo 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa. Anayeshindwa hutolewa, hata akiwa wa kwanza.

Nchi za Ghuba, zenye tambarare za mchanga, zilizoea kasi kubwa mno, na farasi wengi walivunjika miguu au kufa. Machi 2015 shirikisho la kimataifa la farasi, FEI, liliusimamisha Umoja wa Falme za Kiarabu kwa miezi kadhaa. Uwanja wa Bouthieb, Abu Dhabi, ukaweka kikomo cha kilomita 20 kwa saa na mapigo 56. Hatua hiyo yastahili kuigwa: inamlipa mpandaji mvumilivu.

Kwa upande wa Tanzania, Mbwawa mkoani Pwani na maeneo jirani ya Kibaha na Kisarawe hayana desturi ya mbio hizi. Katika sehemu za ndani za pwani hii mbung'o na nagana, ugonjwa wanaoueneza, vilimzuia farasi, ndiyo maana misafara ya biashara ya Bagamoyo ilitegemea mabega ya wapagazi. Mnyama wa mzigo anayefahamika zaidi nchini ni punda, naye pia huhitaji maji, kivuli na kituo kabla hajachoka.