Adhuhuri ya baharia

Anayeifasiri “adhuhuri” kuwa saa sita kamili mchana aulize mabaharia. Saa zetu za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Unguja iko karibu na 39. Jua hufika kileleni, kwa wastani, dakika 23 baada ya saa sita. Mwenye sekstanti, chombo cha kupimia pembe, hujitafutia adhuhuri yake: hulishusha jua kwa vioo (akitazama kupitia vichujio vya giza, macho si ya kuchezea!) hadi ligusane na upeo wa bahari, kisha huifuata pembe ya jua juu ya upeo mpaka iache kupanda. Akiitoa katika 90 na kurekebisha kwa mwinamo wa jua wa siku hiyo, anapata latitudo. Kosa la dakika moja ya pembe ni maili nzima ya baharini.