Neno na Picha ya Neno

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo ni ya kweli, lakini hainenei habari za asiyeona. Huyu hana budi kuambiwa, na asipoambiwa ipasavyo huachwa nje ya mlango ambao wenzake wanauona wazi. Katika insha hii tutaona jinsi jambo lionekanalo dogo, yaani kuandika neno au kuchora picha ya neno, lilivyofikishwa mbele ya sheria katika nchi ya Australia.

Swali lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Mwishoni mwa karne ya 18, Valentin Haüy alifungua shule ya vijana vipofu mjini Paris. Akawachapishia vitabu vyenye herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi ili wazipapase. Nia yake ilikuwa njema, ila herufi zile zilikuwa umbo la kufaa macho, na vidole vilizitambua kwa taabu. Louis Braille, mwanafunzi wa shule hiyo aliyepofuka utotoni, alitunga mwandiko mwingine mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15 tu. Ndani yake kila herufi ni nukta zisizozidi 6, na kidole huitambua kwa mguso mmoja. Hata hivyo, mwandiko huo haukukubaliwa rasmi katika Ufaransa mpaka mwaka 1854, miaka miwili baada ya kufa kwake. Wenye macho walichelewa kufahamu kwamba mwandiko mwema ni ule umfaao msomaji.

Kosa kama hilo lilirudi katika zama zetu. Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN karibu na Geneva, alitoa wazo la mtandao wa kurasa tunaoutumia leo. Kurasa za mwanzo zilikuwa maandishi matupu. Mwaka 1993 ilitokea programu ya Mosaic, iliyoonyesha picha na maneno pamoja katika ukurasa mmoja, na watu wengi wakavutiwa. Watengenezaji wa tovuti wakaona kwamba herufi za kawaida za kompyuta hazina urembo wa kutosha. Basi wakaanza kuyachora maneno kama picha, hasa maneno ya orodha iliyo juu au kando ya ukurasa, ambayo ndiyo njia ya kumpeleka msomaji kwenye kurasa nyingine.

Ili kufahamu ubaya wa jambo hilo, yatupasa kujua kwamba kompyuta haisomi kama mwanadamu. Maandishi halisi huwekwa ndani yake kwa namba: herufi kubwa M ni 77, na herufi ndogo a ni 97. Programu inayomsomea kipofu huzichukua namba hizo na kuzigeuza kuwa sauti, au kuwa nukta za breli zinazoinuka chini ya vidole vyake. Lakini neno lililochorwa si herufi tena, bali ni vidoa vya rangi, sawasawa na picha ya mbuzi. Mwenye macho aliona "Ratiba" au "Matokeo". Programu za wakati ule ziliona picha tu, zikamtajia kipofu jina la faili lisilo na maana, au zikanyamaza kimya. Dawa ilikuwapo, nayo ni kuambatanisha na picha maelezo mafupi ya maandishi ili yasomwe badala yake. Lakini mara nyingi haikutumiwa.

Mwezi wa Juni mwaka 1999, Bruce Maguire, mtu asiyeona na msomaji wa breli, alishtaki mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya Australia. Alisema kwamba tovuti ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney ilikuwa na picha na viungo visivyo na maelezo, na kwamba hakuweza kuifikia orodha ya michezo wala majedwali ya matokeo. Kamati ya Maandalizi ilijitetea kwamba marekebisho yangehitaji zaidi ya mwaka mzima wa kazi ya mtu mmoja, na zaidi ya dola milioni 2 za nchi hiyo. Mabingwa walioitwa kutoa ushahidi walikanusha: kikundi kidogo cha mafundi kingeweza kufanya kazi hiyo kwa wiki 4 hivi.

Tarehe 24 Agosti 2000 Tume iliamua kwamba Maguire amebaguliwa kinyume cha sheria ya mwaka 1992, ikaamuru tovuti irekebishwe kabla ya tarehe 15 Septemba, siku ya kufunguliwa Michezo. Amri haikutimizwa yote, na mwezi wa Novemba Kamati ikatakiwa kumlipa dola 20,000. Lakini Michezo ilikuwa imekwisha, na fedha haziwezi kumrudishia mtu furaha ya kufuatilia mashindano pamoja na majirani zake.

Je, maelezo ya picha yatosha? Kwa asiyeona kabisa, huenda yakatosha. Lakini mwenye macho dhaifu, akilikuza neno lililochorwa, mara nyingi huona ukungu, hali maandishi halisi hukuzwa yakabaki safi, na rangi zake hubadilishwa apendavyo. Ndiyo sababu kanuni za kimataifa za mwaka 2008 zilielekeza kutumia maandishi halisi kila inapowezekana, isipokuwa penye sababu maalumu, kama vile nembo. Wala urembo si udhuru tena, kwani siku hizi maandishi halisi huweza kupambwa kwa herufi za kila namna.

Msomaji mpenzi, yamkini siku moja utapewa kazi ya kutengeneza tovuti ya shule au ya kijiji chako. Ukishaimaliza, usiitazame tu. Fumba macho, iache kompyuta ikusomee orodha ya viungo, kisha ujaribu kuufikia ukurasa unaoutaka. Ukipotea njia katika tovuti uliyoijenga mwenyewe, jua kwamba kuna mgeni aliyekwisha kupotea kabla yako.