Malaika, wimbo wa kijana asiye na mahari

Ubishi juu ya nani aliutunga Malaika haujaisha hadi leo. Watanzania humtaja Adam Salim, aliyesema aliutunga mwaka 1945 kwa ajili ya msichana aliyempenda na asiweze kumwoa. Wakenya humtaja Fadhili William, mwana wa Taita. Wapo pia wanaomtaja Grant Charo, na wengine Lucas Tututu. Zama zile nyimbo zilipita kwa mdomo, na aliyeuingiza wimbo kwenye santuri ndiye aliyeandikwa kuwa mwenyewe.

Aliyeuingiza ni Fadhili. Aliurekodi kwanza na kundi lake la Jambo Boys, kisha akaurudia mwaka 1963 katika studio ya Equator, Nairobi, iliyokuwa ya Charles Worrod. Sauti yake haijikazi hata kidogo. Kijana anampenda binti, hana fedha za kumwoa, basi anasema hivyo kwa upole huku gitaa likimfuata taratibu. Sijasikia toleo jingine linaloamini umaskini wa kijana huyo kama lile.

Miriam Makeba ndiye aliyeutoa nje ya Afrika Mashariki. Mwaka 1965 aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Aliendelea kuuimba majukwaani miaka mingi, hata wasikilizaji wengi wa Ulaya na Marekani wakadhani ni wimbo wake, au wa kwao Afrika Kusini. Mwanamke kuimba maneno ya mwanamume aliyeshindwa mahari hakukuupunguzia wimbo chochote. Huzuni ya kukosa ni ileile. Angélique Kidjo wa Benin alifanya hivyohivyo mwaka 1991, katika albamu ya Logozo.

Kati yao wamepita wengi: Hep Stars wa Sweden mwaka 1967, wakati Benny Andersson, ambaye baadaye alikuwa wa ABBA, akipiga kinanda humo; na Boney M mwaka 1981, waliouchangamsha kwa mdundo wa disko. Wimbo huu haukuumbwa kuchangamshwa, lakini hata hapo haukuvunjika.

Kwetu umekuwa wimbo wa arusi. Bendi huupiga bwana na bibi arusi wakicheza, ingawa kijana wa kwenye wimbo hakumpata bibi yake.

Fadhili alifariki mwaka 2001. Ningependa kila santuri na kila kanda mpya ya Malaika iandike jina la Adam Salim kando ya jina lake.