Delhi ingali mbali: walii, sultani na ukumbi ulioanguka

Mtu akianza kujisifia jambo ambalo bado hajalimaliza, wasemaji wa Kihindi na Kiurdu wana kauli ya kumtuliza: abhi Dilli dur hai, Delhi ingali mbali. Kijana aliyepita usaili wa kwanza akaanza kupanga matumizi ya mshahara ambao hajaupata, huambiwa hivyo. Timu iliyoshinda mechi mbili ikaanza kuota kombe, huambiwa hivyo. Wapenzi wa maneno ya kale huisema kwa Kiajemi, hanuz Dilli dur ast, maana Kiajemi ndicho kilichokuwa lugha ya baraza na ya vitabu katika Usultani wa Delhi, na ndicho kinachosadikiwa kutumika siku kauli hii ilipotamkwa kwa mara ya kwanza.

Methali nyingi hakuna ajuaye nani alizianzisha. Hii ina mwenyewe, ina mahali na ina mwaka. Msemaji anatajwa kuwa Sheikh Nizamuddin Auliya, na mwaka ni 1325.

Kisa husimuliwa hivi. Sultani Ghiyasuddin Tughlaq alikuwa akirudi kutoka Bengal, ambako alikwenda kuirudisha nchi ile chini ya utii wake. Alikuwa na kinyongo na sheikh, basi akiwa njiani akatuma ujumbe: nikiingia Delhi, nisikukute. Wanafunzi wa sheikh wakaingiwa na hofu, wakamsihi ahame. Akawajibu, Delhi ingali mbali. Siku zikapita, vumbi la jeshi likawa linakaribia. Wakamwendea tena, naye akawajibu vile vile. Hatimaye sultani akapiga kambi Afghanpur, karibu kabisa na mji mkuu. Wanafunzi wakaona sasa yamekwisha. Sheikh hakubadili hata neno. Kabla sultani hajaingia mjini, ukumbi aliojengewa na mwanawe kwa ajili ya kumlaki ukamwangukia, akafa papo hapo.

Ni kisa kizuri, na kwa kweli uzuri wake ndio unaotia shaka. Mambo ya karne ya 14 ni nadra kutufikia yakiwa yamepigwa pasi namna hii.

Lakini ugomvi haukuwa wa kutungwa, na wagombanao ni watu wa historia. Nizamuddin alizaliwa Badaun yapata mwaka 1238, akawa mwanafunzi wa Baba Farid wa Ajodhan, mji ambao leo unaitwa Pakpattan na uko Pakistan. Aliporudi Delhi hakukaa karibu na kasri, alijitenga katika kijiji cha Ghiyaspur, nje ya mji. Huko jiko lake lililisha kila aliyebisha hodi, Mwislamu na asiye Mwislamu, huku yeye mwenyewe akijulikana kwa kufunga. Masheikh wa tarika yake ya Chishti hawakupenda kupokea ardhi wala cheo kutoka serikalini. Inasimuliwa kuwa Sultani Alauddin Khalji alipoomba kumtembelea, alijibiwa kwamba nyumba ya sheikh ina milango miwili: sultani akiingia kwa mmoja, sheikh atatoka kwa mwingine.

Mtu wa namna hiyo angeachwa na zuhudi yake, lau wafuasi wake wangekuwa mafukara watupu. Sivyo ilivyokuwa. Amir Khusrau, malenga mkubwa kuliko wote wa zama zile na mtumishi wa masultani kadhaa, alikuwa muridi wake wa karibu. Mwanahistoria Ziauddin Barani naye alikuwa muridi. Watu waliokula mchana katika sahani za kasri walikwenda jioni kukaa mkekani Ghiyaspur, na mtawala yeyote mwenye akili timamu angejiuliza utii wao umelala wapi.

Ghiyasuddin akili alikuwa nazo. Kabla ya kutawala aliitwa Ghazi Malik, jemadari wa mpakani aliyekuwa na makao yake Dipalpur huko Punjab, aliyepata jina kwa kupigana na Wamongolia. Mwaka 1320 mtu mmoja aitwaye Khusrau Khan alimuua sultani wa mwisho wa ukoo wa Khalji akakikalia kiti. Ghazi Malik akateremka na jeshi, akamng'oa, akawa sultani. Barani anamsifu sana: alipunguza kodi, akachimba mifereji, akarudisha nidhamu. Tatizo ni kwamba aliikuta hazina imekaushwa. Khusrau Khan alikuwa amegawa fedha huku na huku kununua dua na urafiki, na sultani mpya akazidai. Wengine walirudisha. Nizamuddin, kwa masimulizi, alikuwa amepewa tanka 500,000, naye akajibu kwamba zile zilikuwa mali ya umma na umma umekwisha kula.

Kisha kukaja suala la sama, yaani zile hadhara za mashairi na nyimbo zinazowapandisha jazba masufi wa Chishti. Maulamaa walimshtaki sheikh kuwa anahalalisha kilichoharamishwa, na sultani akamwita kwenye baraza ajieleze. Mjadala huu una ushahidi imara. Umo katika kitabu cha Siyar al-Auliya cha Amir Khurd, ambaye watu wa familia yake waliishi karibu na sheikh. Nizamuddin alikwenda, akajitetea kwa hadithi za Mtume, na sama haikupigwa marufuku. Baraza lilivunjika, chuki ikabaki.

Ugomvi huu umezaa na methali ya pili. Sultani alikuwa akijenga ngome yake kubwa, Tughlaqabad, ambayo kuta zake za mawe yaliyochongwa bado zinatisha hadi leo. Wakati uo huo sheikh alikuwa akichimba kisima cha ngazi kwa ajili ya watu wa Ghiyaspur. Husemwa kwamba vibarua walifanya kazi ngomeni mchana na kisimani usiku, sultani akakasirika akapiga marufuku wasiuziwe mafuta ya taa, na kwa karama maji ya kisima yakawaka taani kama mafuta. Hapo sheikh akaiapiza ngome: ya rahe usar, ya base Gujjar. Ibaki jangwa, au ikaliwe na Wagujari, jamii ya wafugaji wa eneo lile. Ngome ilihamwa miaka michache tu baada ya kujengwa, na kwa karne nyingi mifugo ya Wagujari ikalisha ndani ya magofu yake. Kisima kipo, na maji yamo.

Turudi Afghanpur, kwa kuwa huko ndiko methali inakoficha jambo.

Barani aliyajua mambo haya kwa karibu. Alikuwa muridi wa sheikh na baadaye akakaa miaka 17 barazani kwa Muhammad bin Tughlaq, yule mwana aliyeujenga ukumbi na kurithi kiti. Katika historia aliyoikamilisha mwaka 1357, Barani anasema radi ya mbinguni ilishuka na dari ikamwangukia sultani. Mstari mmoja, basi, kisha anaendelea na mengine. Ikumbukwe alikuwa anaandika chini ya Firuz Shah, binamu yake Muhammad, na anatazamia hisani ya ukoo ule ule. Maneno ya sheikh kuhusu Delhi hayataji kabisa, ingawa muridi ndiye angekuwa wa kwanza kuyatangaza kama karama ya mwalimu wake.

Shahidi wa pili tunamfahamu huku pwani. Ni Ibn Battuta, Mmorocco yule aliyeteremka Mombasa na Kilwa mwaka 1331 akatuachia maelezo ya mji wa Kilwa na ukarimu wa sultani wake. Miaka miwili hivi baada ya kuondoka kwetu alikuwa amefika India, na Muhammad bin Tughlaq akamfanya kadhi wa Delhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka. Alikula mkate wa sultani huyo, kisha akaangukiwa na shuku yake, akawekwa chini ya ulinzi kwa sababu ya kumtembelea sheikh mwingine aliyechukiwa na kasri. Kitabu chake alikisimulia Fez, kikakamilika 1355, mbali na mkono wa mtu yeyote wa Delhi. Hakuwa na sababu ya kusingizia radi.

Anasema habari aliipata kwa Sheikh Ruknuddin wa Multan, aliyekuwapo. Ukumbi ulijengwa kwa siku tatu, umeinuliwa juu ya nguzo za mbao, na msimamizi wa ujenzi alikuwa Ahmad bin Ayaz. Ulipangwa kwa hila ili ndovu wakikanyaga upande fulani wote uporomoke. Sultani alikula na watu, watu wakatawanyika, na mwana akaomba ruhusa ndovu wapitishwe mbele ya baba yake. Akamwendea Ruknuddin akamwambia wakati wa alasiri umewadia, ateremke aswali. Ruknuddin akateremka. Ndovu wakaletwa, ukumbi ukaanguka juu ya sultani na mwanawe mdogo Mahmud, aliyekuwa kipenzi chake. Muhammad akaamuru yaletwe mashoka na sepetu, lakini akaashiria yacheleweshwe, yasifike mpaka jua limetua. Walipofukua walimkuta sultani ameinama juu ya mtoto, kama anayemkinga. Usiku ule ule alipelekwa Tughlaqabad kuzikwa katika kaburi alilojijengea mwenyewe. Ahmad bin Ayaz, fundi wa ukumbi ulioua sultani, hakuadhibiwa. Alipandishwa hadi kuwa waziri mkuu.

Wanahistoria wamegawanyika mpaka leo: wako wanaoona ni ajali, wako wanaoona ni mauaji. Binafsi cheo cha yule fundi kinanielemea kuliko hoja nyingine zote.

Na sheikh je? Ibn Battuta anadai Nizamuddin alikufa wakati sultani bado yuko safarini, Muhammad akabeba jeneza lake begani, na habari hiyo ikamkasirisha baba kiasi cha kumtishia mwana. Mapokeo ya dargah, yaani mahali palipo kaburi la sheikh, yanasema tofauti: sheikh alifariki tarehe 18 ya Mfunguo Saba mwaka 725 wa Hijria, yaani Aprili 1325, sultani akiwa amekwisha kufa. Kama Ibn Battuta ni mkweli, basi hapakuwa na mtu Ghiyaspur wa kujibu ujumbe wa Afghanpur. Ila yeye huyo huyo anataja jambo linalofanana: wanajimu walitabiri kwamba baada ya safari ile sultani hataingia tena Delhi, naye akawa anawatishia. Yaani utabiri ulikuwa ukizunguka mjini tangu zama zile. Waandishi wa karne zilizofuata wanautia katika kinywa cha walii, na kufikia enzi ya mfalme Akbar, mwishoni mwa karne ya 16, kauli hii ilikuwa imekwisha kuwa methali ya watu wote.

Mabadiliko hayo yalimfaa nani? Yalimfaa Muhammad, hata kama hakuyapanga. Katika simulizi la wanajimu na ndovu kuna mwana anayesubiri jua litue. Katika methali hayumo. Kuna jeuri ya mfalme na utulivu wa mchaji, na kati yao dari inayoanguka bila mkono wa mtu. Wahindi wamemkumbuka Muhammad kwa mengine: mwaka 1327 aliamuru watu wa Delhi wahamie Daulatabad, zaidi ya kilomita 1,000 kusini, na mpaka leo amri ya kiserikali isiyo na kichwa wala miguu huitwa farman ya Kitughlaq. Kwa kifo cha baba yake hawamtaji, kwa kuwa tayari wana maneno ya kukieleza.

Methali ilipoachana na wenyewe ikaanza kusema mambo ambayo sheikh hakuyakusudia. Kwake yalikuwa maneno ya kuwatuliza wanyonge walioogopa mwenye nguvu. Husimuliwa kuwa mwaka 1739, Nadir Shah wa Uajemi alipokuwa akishuka na jeshi kupitia Kabul na Lahore, Mfalme Muhammad Shah wa Delhi aliletewa habari moja baada ya nyingine akiwa katika starehe zake, na kila mara akajibu kwa kauli ya walii: Delhi ingali mbali. Tarehe 24 Februari jeshi lake lilivunjwa Karnal, kilomita 120 hivi kutoka mjini. Tarehe 22 Machi wakazi wa Delhi walichinjwa kwa maelfu, na Nadir alipoondoka alikwenda na Kiti cha Tausi.

Mwaka 1943 mpigania uhuru wa India, Subhas Chandra Bose, aliigeuza kabisa methali hii. Akiwa Singapore aliwapa askari wa jeshi lake la ukombozi, waliokuwa bega kwa bega na Wajapani, mwito wa Dilli chalo: twendeni Delhi. Kwa masikio ya Mhindi, mwito huo uliijibu methali moja kwa moja. Mwaka uliofuata walizuiwa Imphal na Kohima, na miongoni mwa waliowafukuza Wajapani wakirudi nyuma katika bonde la Kabaw, mvua ikinyesha mfululizo, ilikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari wa Keya kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland. Maofisa wa Bose walifika Delhi kweli, mwishoni mwa 1945. Walipelekwa kushtakiwa ndani ya Ngome Nyekundu.

Siku hizi kauli hii ni mali ya wanasiasa na wahariri, na imekuwa kejeli zaidi kuliko faraja. Chama cha jimbo kikishinda nyumbani kikaanza kuzungumzia nchi nzima, kichwa cha habari kinakuwa kimeshajiandika. Kuna msemo mwingine unaotembea nao, kwamba njia ya Delhi hupita Lucknow, makao makuu ya Uttar Pradesh, jimbo lenye viti 80 kati ya 543 vya bunge la Lok Sabha. Mwaka 2024 chama cha Samajwadi kilitwaa viti 37 jimboni humo na kukipita BJP kilichopata 33. Akhilesh Yadav, kiongozi wa Samajwadi, alikaa upande wa upinzani. Narendra Modi wa BJP akaunda serikali kwa msaada wa vyama rafiki.