Hiyo Keki ya Limau ya Waitaliano Si Mgeni Isiolo

Wasee, leo tuongee keki. Kila wiki naona video mpya: mtu amevaa aproni safi, jikoni kuna dirisha kubwa, anakwangua ganda la limau, anapiga mayai na sukari, anamwaga kila kitu kwenye chombo kirefu kama cha mkate, halafu anatuambia hii ni keki ya jadi ya Italia, siri ya nyanya yake. Hapa Burat na kule Isiolo mjini vijana nao wameanza kuioka na kuiuza. Poa kabisa, biashara ni biashara.

Kinachonikera ni jina na bei. Kipande kikiitwa cha Kiitaliano mteja analipa bila kuuliza. Kipande cha doolsho kutoka kwa mama wa mtaani, mayai yale yale, unga ule ule, mteja anaanza, "Mama, punguza kumi." Yaani kitu kikitoka mbali kina historia, kikitoka Bulla Pesa ni chakula tu. Mimi nasema historia ya hiyo keki ukiifuata vizuri inakurudisha huku kwetu, na sehemu zingine za njia si tamu hata kidogo.

Anza na maneno yenyewe. Sisi tunasema limau, Mwitaliano anasema limone. Sisi sukari, yeye zucchero. Haya maneno ni ndugu wa damu. Limau na limone yamepitia Kiarabu na Kiajemi. Sukari na zucchero yote yametoka kwa neno la Kiarabu sukkar, ambalo nalo mizizi yake iko India. Tunda lenyewe pia si la Ulaya. Wataalamu wanaweka asili ya limau Asia, pande za kaskazini mashariki mwa India na majirani zake. Kutoka huko lilisafiri kwa wafanyabiashara na wakulima hadi Uajemi, Uarabuni, kisha Bahari ya Kati.

Lilifikaje Italia? Mwaka 827 jeshi la Waislamu lilivuka bahari kutoka Tunisia ya leo likashuka kisiwa cha Sicily. Mwaka 831 likachukua mji wa Palermo. Utawala huo ulidumu zaidi ya miaka 200, mpaka Wanormani walipouteka kisiwa. Katika muda huo kilimo cha Sicily kilibadilika: malimau, machungwa machungu, miwa, na muhimu kuliko vyote, ujuzi wa kuchimba mifereji ya kumwagilia mashamba. Mtu wa Burat hahitaji kuelezwa hili mara mbili. Umeona shamba lenye maji ya mto Isiolo na shamba lisilo na maji, mita chache tu kati yao, moja kijani lingine vumbi. Bila mfereji hakuna limau, na bila limau hakuna keki ya nyanya wa Sicily.

Chungwa tamu lilichelewa. Wareno waliposhika njia za Bahari ya Hindi mwanzoni mwa miaka ya 1500 ndio biashara yake ilipanuka Ulaya, na watu wengi wakaliita kwa jina la Ureno. Waarabu wanasema burtuqal. Naples, kusini mwa Italia, wazee bado wanasema purtuallo. Sasa uliza mtu anayeongea Kioromo, lugha ambayo Kiborana ni tawi lake, chungwa ni nini. Atakuambia burtukaana. Naples na Borana, neno moja! Hakuna aliyemwiga mwenzake. Wote wawili walikaa kwenye njia za biashara zilizounganika.

Na hilo jina "ya jadi" nalo tulipime. Italia yenyewe, kama nchi moja, ilianza mwaka 1861. Beking pauda inayoinua keki yako ilibuniwa na Mwingereza, Alfred Bird, mwaka 1843. Halafu hii itawashangaza: keki hiyo ya umbo la mkate, Waitaliano wenyewe wanaiita plumcake. Ndiyo, jina la Kiingereza, na hakuna plamu ndani yake! Wanakula plumcake ya limau au ya maziwa ya mgando asubuhi na kahawa. Mwaka 1891 Pellegrino Artusi alichapa kitabu chake maarufu cha mapishi, na ndani yake kuna keki yenye jina hilo. Kwa hivyo jadi ya Italia ni tunda la Asia, mifereji ya Waislamu wa Afrika Kaskazini, unga wa kuumulia wa Mwingereza na jina la Kiingereza. Sisemi si yao. Ni yao, kwa sababu waliipika, wakaipenda na wakaiandika. Hiyo ya kuiandika muishike, nitairudia.

Sasa tuje upande wetu, maana Italia ilishawahi kuwa jirani ya Kenya. Kismayu na Jubaland yote ilikuwa chini ya Waingereza kama sehemu ya Kenya hadi mwaka 1925, walipowapa Waitaliano kama shukrani ya kuwaunga mkono kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Wenyeji hawakuulizwa. Mstari wa mpaka ulisogezwa, familia na malisho yakabaki pande mbili.

Upande ule wa pili, utawala wa Kiitaliano ukaacha alama jikoni. Msomali wa Isiolo akila baasto kwa suugo, anatumia maneno pasta na sugo. Uma ni fargeeto, kutoka forchetta. Na keki ni doolsho, kutoka dolce, yaani kitu kitamu. Wasomali wengi wa kwanza kukaa Isiolo walikuwa askari wastaafu wa Waingereza waliopewa makao hapa baada ya vita vya 1914 hadi 1918, kwa hivyo si wote walioishi chini ya Italia. Lakini neno linasafiri na ndoa, na biashara ya mifugo, na wakimbizi. Leo doolsho ni ya kila mtu anayejua Idi ikoje mtaani.

Lakini huo utamu ulikuwa na bei, na bei hiyo ililipwa na watu. Mwaka 1920 mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alianzisha mashamba makubwa pale Jowhar, kando ya mto Shabelle, na miwa ikawa mojawapo ya mazao yake. Huko Janaale yalifuata mashamba ya walowezi, ndizi zikawa zao lao kubwa la kuuza Italia. Wakulima wa kando ya mito walilazimishwa kufanya kazi kwenye mashamba hayo. Ethiopia nako, Italia ilivamia mwaka 1935 ikatumia gesi ya sumu, na Februari 1937 watu wengi sana waliuawa Addis Ababa kwa siku chache baada ya jaribio la kumuua mtawala Rodolfo Graziani. Hii ni nyumba jirani, si Ulaya. Wenye ndugu ng'ambo ya Moyale wanajua. Ndiyo maana mtu akinipostia picha ya meza ya Kiitaliano na maua, akasema ni mapenzi matupu kutoka nchi ya amani, mimi naomba tu asimalize hadithi mapema.

Vita vikafika mlangoni. Italia iliingia Vita vya Pili vya Dunia tarehe 10 Juni 1940, na Julai hiyo hiyo majeshi yake yakachukua ngome ya Moyale kutoka kwa askari wa KAR, yakashuka hadi Buna. Barabara ya Isiolo, Marsabit na Moyale, hii tunayopita leo kwa lami tukilala kwenye basi, ikawa njia ya jeshi. Mwaka 1941 mambo yakageuka. Mogadishu ilianguka Februari, Addis Ababa Aprili, na Waitaliano wa mwisho wakasalimu amri Gondar mwezi wa Novemba. Askari wa Kiafrika, wakiwemo wa kutoka Kenya, walipigana na wakafa kwenye hiyo safari. Majina yao wangapi tunayajua?

Wafungwa wa Kiitaliano, maelfu kwa maelfu, waliletwa Kenya. Kambi zilikuwa Nanyuki, Nyeri, Gilgil, Naivasha na kwingineko. Ukipita Mai Mahiu utaona kikanisa kidogo pembeni ya barabara ya bondeni: walikijenga wafungwa hao mwaka 1942. Nanyuki ni kama kilomita 80 kutoka Isiolo, na Mlima Kenya tunaouona asubuhi mawingu yakitoka ndio ule ule waliokuwa wakiuangalia kutoka nyuma ya seng'enge. Januari 1943 watatu wao, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambini ili kuupanda. Waliweka akiba ya chakula kidogo kidogo, na picha ya mlima kwenye lebo ya kopo la chakula ikawasaidia kama ramani. Benuzzi na Balletto wakasimika bendera ya Italia Point Lenana, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe kupokea adhabu. Benuzzi akaandika kitabu, na mpaka leo dunia inawajua.

Mnaona inavyokuwa? Mfungwa aliyeandika anakumbukwa kwa kopo la chakula. Askari wa KAR aliyemlinda, mpishi wa kambi, mama aliyeuza maziwa njiani, hawa hawakuandika na hakuna aliyewauliza.

Si uhusiano wote ulikuwa wa bunduki, tuseme ukweli. Wamisionari wa Consolata kutoka Turin walifika Kenya mwaka 1902, na kazi yao ikasambaa hadi kaskazini: shule, zahanati, maji. Askofu wa kwanza wa Isiolo, Luigi Locati, alikuwa Mwitaliano. Aliuawa hapa hapa Isiolo tarehe 14 Julai 2005, na watu wa mji huu bado wanamtaja. Kwa hivyo ukiniuliza Waitaliano ni akina nani kwetu, sina jibu la neno moja. Walikuja kama mabwana, kama maadui, kama wafungwa, kama mapadri, na sasa kama video ya keki.

Turudi kwa Artusi. Kitabu chake hakikuwa cha wapishi wa kifalme. Aliandika vyakula vya nyumbani, na wasomaji wakamtumia mapishi yao kwa barua, naye akaendelea kuongeza toleo baada ya toleo. Watu wa Italia wakati huo walikuwa na lahaja nyingi na hawakuelewana vizuri. Kitabu kama hicho kilisaidia kuwafanya waamini wana jiko moja. Jadi ya nyanya unayoiona kwenye simu ilitengenezwa hivyo, kwa kuulizwa na kuandikwa.

Sisi tuna nini kilichoandikwa? Doolsho ya Isiolo inaokwa kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, iliki ndani, na kipimo ni kikombe kile kile cha chai cha miaka 20. Pwani wana mkate wa mayai, nao unapaliwa moto juu vile vile. Kina mama wa ushirika wa Anolei wanapeleka maziwa ya ngamia Nairobi kila siku, lakini ni wangapi wetu wameandika yanavyofanya kazi kwenye keki? Nyanya akienda, kikombe kinabaki na hakuna anayejua kilijazwa mpaka wapi.

Basi wikendi hii oka hiyo keki ya limau, lakini ioke kwetu. Unga gramu 250, sukari gramu 180, mayai 3, mafuta mililita 100, maziwa lala nusu kikombe, hata ya ngamia, beking pauda vijiko vidogo viwili, chumvi kidogo. Kwangua ganda la malimau mawili, ile njano tu, nyeupe ni chungu, na ukamue maji ya moja. Piga mayai na sukari mpaka yawe mepesi, ongeza vya majimaji, malizia na unga bila kukoroga sana. Sufuria kubwa yenye mchanga wa moto inatosha kama huna oveni. Makaa machache chini, mengine juu ya kifuniko, na usubiri kama dakika 50. Ingiza kijiti katikati, kikitoka kikavu imeiva.

Kisha peleka kipande kwa ayeeyo, kwa akko, kwa shosho, yeyote uliye naye. Muulize yeye alianza kuoka lini, alifundishwa na nani, sukari ilikuwa inatoka wapi, na walikula nini siku za vita. Washa simu urekodi, halafu uandike vipimo vyake kwa gramu, na jina lake juu. Na wewe unayenunua, ukiambiwa bei ya doolsho, lipa bila kuomba kumi yako.